Kuhesabu karata kwenye blakijeki: jibu liko kwenye trei

Jumamosi iliyopita, Atlantic City, msimamizi wa meza alimnong'oneza mgawaji, na karata zikachangwa upya ilhali kisanduku kilikuwa bado na karibu pakiti tatu. Hesabu yangu ghafi ilikuwa chanya 12. Nilikuwa nimetoka kupandisha dau kutoka dola 25 hadi 100, nikapata ree na malkia kwenye mkono wa kwanza, nikalipwa 150. Mkono wa pili sikuuona. Kunifukuza hawawezi: mwaka 1982, katika kesi ya Ken Uston, Mahakama ya Juu ya New Jersey iliamua kwamba kasino za jimbo hilo hazina mamlaka ya kumzuia mtu kucheza kwa sababu tu anahesabu karata. Nevada ningeambiwa niondoke. Lakini karata zikichangwa, hesabu yote inafutika na unaanza upya. Hasira ninayo mpaka leo. Furaha pia ninayo, maana hakuna anayejisumbua kuchanga mapema kwa ajili ya mtu asiyejua anachofanya.

Tangu hapo naulizwa jinsi ya kuanza. Kanuni za mchezo sizielezi, wala jedwali la wakati wa kuongeza karata na wakati wa kutulia. Hilo unalikariri mpaka likutoke bila kufikiri. Bila hilo, kuhesabu hakutakufaa kitu.

Hatua ya kwanza ni mfumo wa Hi-Lo. Ikitoka 2 hadi 6, ongeza 1. Ikitoka 7, 8 au 9, iache ipite. Ikitoka 10, ghulamu, malkia, mfalme au ree, punguza 1. Karata kubwa zikibaki nyingi kisandukuni, nafuu inahamia kwa mchezaji. Hesabu za jambo hili mwanahisabati Edward Thorp alizifanya kwa kompyuta ya IBM, akazitoa mwaka 1962 katika kitabu chake Beat the Dealer. Na usihesabu moja moja: mfalme na 5 zikilala pamoja zimeshafutana, jicho lisonge mbele. Ukiimaliza pakiti nzima, jibu lazima liwe sifuri.

Hatua ya pili ni kununua karata zenyewe, na hapa nina kinyongo. Kasino zikishatumia karata huzitoboa tundu au kuzikata pembe, kisha zinauzwa kwa bei ndogo. Nilinunua pakiti nane katika duka moja la pale ufukweni. Pakiti moja ikawa inaishia chanya 1. Nihesabu polepole, nihesabu mbio, chanya 1. Kabla sijazitandaza nikajua kilichopotea: ama 10, ama picha, ama ree. Nilipozipanga, mfalme wa kopa hakuwemo. Niliporudi, muuzaji akaniambia vitu vilivyotumika havirudishwi, na kwamba nafasi ya mfalme niijaze kwa jokeri! Mtu anayeuza karata bila kujali kama zimetimia hastahili senti ya mtu. Kabla hujatoka dukani, hesabu kila pakiti, zitimie 52.

Pakiti hizo nane zina kazi kubwa kuliko kufanyia mazoezi ya kujumlisha. Chanya 12 peke yake haisemi kitu. Zikiwa zimebaki pakiti sita, ni 2 tu. Zikibaki tatu, ni 4. Hesabu hiyo iliyogawanywa ndiyo halisi, na kila ikipanda kwa 1 inakuongezea karibu nusu asilimia ya nafuu. Sasa, nani atakuambia zimebaki ngapi? Kisanduku kimefunikwa. Kinachoonekana ni trei ya karata zilizotumika, kando ya mgawaji: ukijua zimetoka pakiti ngapi, unatoa kwenye jumla, unapata zilizobaki. Basi nilijenga marundo nyumbani: pakiti moja, mbili, tatu na kuendelea, kila rundo nikalifunga kwa mpira, nikayapanga juu ya rafu karibu na mlango. Pakiti moja ina unene wa kama sentimita moja na nusu. Kila nikipita natazama, nataja namba, napita. Halafu mpwa wangu akaingia kazini. Anachanganya marundo, anaongeza nusu pakiti hapa, anapunguza pale, anayasogeza mbali na taa, ananiita kutoka jikoni: "Mjomba, hapo zimebaki ngapi?" Lazima nijibu kabla sijafika. Jicho likazoea kiasi kwamba nikiwa upande wa pili wa meza, trei ikiwa imeegemea upande, najua zimetoka nne na nusu. Karata ziwe zimetumika kweli, kwa sababu pakiti mpya ya dukani hulala tofauti na iliyokwisha kushikwa na mikono mingi.

Hatua ya tatu ni dau: hesabu halisi ikiwa chini ya 2, baki na dau dogo, ikipanda, panda nayo. Pesa iwe ile uliyoitenga, si ya kodi wala ya ada. Meza yenye mashine inayochanga karata bila kukoma, ipite. Na kabla hujaketi, soma maandishi ya mezani. Blakijeki ya dola 10 ikilipwa 3 kwa 2 unapata 15; ikilipwa 6 kwa 5 unapata 12. Dola tatu hizo zinakula nafuu yote uliyoihangaikia. Meza za 6 kwa 5 siketi kamwe, hata zikiwa ndizo pekee zenye dau la chini.