Kuacha wanga ghafla: Wenye kisukari tahadharini

Mwezi uliopita shemeji yangu, mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini, alianguka muda mfupi baada ya swala ya Alfajiri. Tulipompima, sukari ilikuwa 2.4. Bahati alikuwa bado anaweza kumeza, tukampa maji ya sukari, na baada ya robo saa akaanza kututambua.

Ndipo akasema kwamba kwa siku nne alikuwa ameacha wali, ugali, chapati na hata ndizi. Kuna mtu barazani alimwambia wanga ni sumu, ale nyama, mayai na mboga tu. Insulini akaendelea kujidunga kipimo kilekile!

Hapo ndipo penye hatari, ndugu msomaji. Kipimo cha insulini hupangwa kwa kuangalia chakula. Ukiondoa wanga dawa ikabaki palepale, sukari huporomoka. Vidonge kama glibenklamaidi huleta balaa hilohilo. Tena kuna vidonge vipya, ambavyo majina yake huishia na "flozin", vinavyotoa sukari kwa njia ya mkojo. Anayevitumia akikata wanga kabisa, damu yake yaweza kujaa asidi ilhali kipimo cha sukari kinakaribia kawaida. Hutapika na kuhema kwa nguvu, nyumbani wakadhani ni tumbo.

Sisemi kupunguza wanga ni upuuzi. Sahani ya pilau iliyorundikwa kama kichuguu, na soda pembeni, nayo inatumaliza. Lakini mlo huu wa kukata wanga ulianzia kwa madaktari. Mwaka 1921 Dk. Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliupendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na mpaka leo watoto wanaopewa hufuatiliwa, kwani waweza kuleta mawe kwenye figo na kufunga choo.

Na hao wanaojisifu kupungua kilo tatu kwa wiki? Sehemu kubwa ni maji. Wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli hukaa pamoja na maji. Ukitumika, maji nayo hutoka.

Mwaka 2018 jarida la Lancet Public Health lilichapisha utafiti wa Wamarekani zaidi ya 15,000. Waliopata karibu nusu ya nguvu zao kutoka kwenye wanga ndio waliokufa kwa uchache, kuliko waliokula wanga kidogo mno au mwingi mno. Kufidia wanga kwa nyama kulihusishwa na vifo zaidi, kwa karanga na vyakula vya mimea vifo vichache.

Shemeji alirudi kliniki. Daktari alimpangia upya insulini, akamruhusu maharage, dagaa, mchicha, na ugali wa ukubwa wa ngumi yake.