Wadogo zangu, kasi ya sayari isiwatishe

Wadogo zangu wa sekondari, leo tukae na lile swali la fizikia mnalopenda kuliruka: kutafuta kasi ya wastani ya sayari inayolizunguka Jua. Mkiona mamilioni ya kilomita, mnakata tamaa kabla hata ya kushika kalamu. Msiogope. Ni umbali gawanya kwa muda, hesabu mnayoijua tangu shule ya msingi.

Tuichukue Mirihi. Iko wastani wa kilomita milioni 228 kutoka kwenye Jua. Hapa ndipo wengi mnapoteleza: huo si umbali inaosafiri, ni nusu kipenyo cha njia yake. Tafuta mzingo: 2 × 3.14 × milioni 228, unapata kama kilomita milioni 1,432. Na muda usichukue siku zetu 365, maana Mirihi humaliza mzunguko mmoja kwa siku 687. Zidisha kwa 24, ni saa 16,488. Sasa gawanya: takribani kilomita 86,850 kwa saa. Gawanya tena kwa 3,600, unapata kilomita 24.1 kwa sekunde.

Usifunge daftari bado, mdogo wangu. Jiulize kama jibu linaingia akilini. Kadiri sayari inavyokuwa mbali na Jua ndivyo inavyovutwa kwa nguvu ndogo na kwenda polepole. Dunia, iliyo karibu zaidi, huenda kilomita 29.8 kwa sekunde, kwa hiyo Mirihi lazima iwe chini ya hapo. Ukipata 50, rudi ukague vipimo vyako.

Neno "wastani" nalo liheshimuni. Njia ya Mirihi si duara kamili: ikilikaribia Jua hufika kilomita 26.5 kwa sekunde, ikiwa mbali hushuka hadi 22. Johannes Kepler aliligundua jambo hilo kwa kuichunguza Mirihi hiyohiyo, akalichapisha mwaka 1609.

Swali likitaka kasi yenye mwelekeo, lisome mara mbili. Baada ya mzunguko mzima sayari imerudi ilipoanzia, kwa hiyo wastani wake ni sifuri. Mtahini anajua wangapi hujisahau hapo.

Sasa jaribuni Zuhura: kilomita milioni 108.2, siku 224.7. Kabla ya kukokotoa, semeni kwanza: itaizidi Dunia au itapungua? Mkimaliza na karibu kilomita 35 kwa sekunde, swali hili mmeliweza.