Mtu Wetu Amekamatwa: Tumtafute Wapi?

Ndugu na dada wa vikundi vya Kyumbi na vijiji jirani, somo la mara hii linatokana na swali ambalo huulizwa tena na tena mkutano ukiisha, watu wakiwa wamesimama nje: mtu wa nyumbani akichukuliwa na polisi, tutajuaje aliko?

Hapa kwetu swali hili lina uzito wake, kwa sababu Kyumbi ni njia panda. Barabara ya Mombasa inapita, ile ya Machakos inachepukia papa hapa, na gari la polisi likiondoka na kijana wa boda boda laweza kushika njia ya Machakos mjini au likaelekea Athi River. Mmoja atamwambia mama, "Wamempeleka Machakos." Mwingine ataapa kwamba aliona gari likienda upande wa Nairobi. Ukipiga simu ya kijana, ni mteja. Na kabla jua halijatua atatokea mtu asemaye ana rafiki kule ndani, apewe elfu mbili tu, atafute habari.

Tumeona mama akiuza mbuzi kwa sababu ya maneno ya namna hiyo. Habari aliyouziwa angeipata bure kwenye kaunta.

Jambo la kushika ni hili. Mtu akikamatwa kwa njia ya sheria, jina lake huandikwa. Huandikwa kituoni, huandikwa mahakamani, na akipelekwa gerezani huandikwa huko pia. Sisi kazi yetu ni kufuata maandishi, si kufuata uvumi. Huko Marekani, kaunti nyingi huweka majina ya watu walio jela kwenye intaneti, unatafuta ukiwa umekaa nyumbani. Huku kwetu inabidi kwenda kwa miguu na kuuliza kwa mdomo. Basi yafaa kujua pa kwenda na la kuuliza.

Kwanza, kituoni

Anzeni na kituo cha polisi kilicho karibu na mahali alipokamatwa, si kilicho karibu na nyumbani kwake. Nendeni watu wawili, mmoja awe wa familia, na mchukue vitambulisho. Kwenye kaunta kuna Kitabu cha Matukio, ambacho sote tunakiita OB. Hatuna ruhusa ya kukivuta na kukipekua wenyewe. Mwulizeni askari wa zamu kwa adabu: "Afande, tunamtafuta fulani, amekamatwa leo mahali fulani. Ameandikwa OB? Namba yake ni ngapi?" Mkipewa namba ya OB, iandikeni papo hapo pamoja na tarehe. Namba hiyo ndiyo kamba mtakayoishika mpaka mwisho.

Zaidi ya OB, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inaagiza kituo kiweke rejesta ya watu wanaozuiliwa. Humo huandikwa jina la mtu, sababu ya kukamatwa, tarehe na saa, jina la askari aliyemkamata, waliomhoji na lini, na saa atakapofikishwa mahakamani mara ya kwanza. Tena huandikwa kama amehamishwa na amepelekwa wapi. Hilo la mwisho litieni moyoni. Mkiambiwa, "Hayuko hapa, alihamishwa," msigeuke kwenda zenu. Ulizeni: alihamishwa saa ngapi, kwenda kituo gani? Jibu linapaswa kuwa limeandikwa.

Kuna shida moja ambayo si ya polisi, ni yetu wenyewe. Majina. Kijijini tunamjua mtu kwa jina la utani, kwenye kitambulisho ana majina matatu, na kituoni ametaja mawili. Machakos hii, Mutua Musyoka ni wangapi? Karani akitafuta jina moja na asilione, si lazima awe anadanganya. Basi mpeni majina yote jinsi yalivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho, umri, na mahali alipokamatwa. Mwombeni aangalie pia jina likiwa limepinduliwa, la baba likitangulia.

Askari wa zamu akikataa kusema lolote, ombeni kumwona OCS, mkuu wa kituo. Si kosa kumwomba, wala si kiburi.

Saa 24

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, katika kifungu cha 49, inasema mtu aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kuwasiliana na wakili na mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika. Na afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, isipite saa 24. Wazee wetu wanakumbuka katiba ya zamani, ambayo kwa makosa ya kunyongwa iliruhusu siku 14. Hiyo imekwisha.

Lakini hesabu ya saa 24 huwakanganya watu. Saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, basi mwisho wake ni siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana aliyekamatwa Ijumaa jioni huenda akalala seli mpaka Jumatatu, na Jumatatu ikiwa sikukuu, mpaka Jumanne. Tunajua ni uchungu, hata hivyo kukawia kwa namna hiyo peke yake si uvunjaji wa sheria.

Katika saa hizo polisi wanaweza kumwachilia kwa dhamana. Ile bondi ya kuandikisha hailipiwi hata senti. Ile ya pesa taslimu ina risiti, na pesa hurudishwa mambo yakiisha, mradi mtu amehudhuria inavyotakiwa. Pesa isiyo na risiti si dhamana, na sote twajua ni nini.

Mahakamani na gerezani

Aliyekamatwa upande wetu aweza kupelekwa Mahakama ya Machakos au ile ya Mavoko, iliyoko Athi River. Namba ya OB itawasaidia kumwuliza askari ni ipi. Mkifika asubuhi, someni orodha ya kesi za siku, kisha nendeni masijala ya jinai mkaulize kwa majina na tarehe. Mkipata namba ya kesi, iandikeni chini ya ile ya OB.

Hapa wengi hukwama. Karani anasema hakuna kesi yenye jina hilo, nao wanarudi nyumbani wakilia. Kumbe polisi hawajamshtaki. Wamemwomba hakimu tu muda wa kuendelea kumzuilia huku wakipeleleza. Maombi kama hayo yana faili lake na namba yake, mbali na kesi za kawaida. Kwa hivyo ulizeni yote mawili, kesi na maombi. Na kama ni mambo ya barabarani, ulizeni kesi za trafiki.

Hakimu akitoa dhamana na familia haina, au akiikataa, mtu hupelekwa rumande kwa hati ya mahakama. Wanaume wa huku mara nyingi huwekwa gereza la Machakos, na wanawake wana gereza lao papo mjini. Gerezani hawatawasumbua sana mkiwa na majina kamili na namba ya kesi. Kwenye faili la mahakama mtaona pia tarehe ya kurudi mbele ya hakimu. Msiiache ipite bila mtu wa nyumbani kuhudhuria.

Kama hayuko popote

Twasema haya kwa uzito. Tarehe 23 Juni 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitoka Mahakama ya Mavoko wasifike nyumbani. Mwenda alikuwa mwendesha boda boda, na alikuwa amemshtaki askari aliyempiga risasi. Walizuiliwa katika kambi ya polisi ya utawala huko Syokimau. Wakili aliandika ujumbe kwenye karatasi ya chooni na kuutupa nje, ukaokotwa na mpita njia. Miili yao ilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani askari watatu na mpasha habari wao, na Februari 2023 wakahukumiwa, askari mmoja kwa kifo.

Hatusemi haya kuwatisha. Twasema kwa sababu ilitokea katika kaunti yetu hii, na yaonyesha kwa nini mtu ambaye hakuandikwa popote atafutwe kwa haraka kuliko aliyeandikwa.

Kwa hivyo mkizunguka vituo na jina lisionekane, angalieni hospitali, kisha msingoje wiki. Mpelekeeni OCS barua, mkitaja Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016: habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu hutolewa ndani ya saa 48. Nakala yenu ipigwe muhuri. Pigeni simu IPOA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa polisi, namba 1559, bila malipo. Na kwa msaada wa wakili, Mahakama Kuu, ambayo Machakos ipo, yaweza kuombwa iamuru mtu huyo aletwe mbele yake. Haki hiyo Katiba hairuhusu ipunguzwe kwa sababu yoyote.

Kazi ya kikundi

Vikundi vyetu vya mwethya vina daftari za mazao na za michango. Ongezeni ukurasa mmoja. Kila mwanachama aandike majina ya watu wa nyumba yake kama yalivyo kwenye kitambulisho, pamoja na namba. Katibu aufunge ukurasa huo kwenye bahasha, ifunguliwe tu kukiwa na haja. Chagueni pia watu wawili wasioogopa kaunta, na mtenge nauli yao.

Kisha jaribuni hesabu hii pamoja. Kijana amekamatwa Kyumbi siku ya Alhamisi saa tano asubuhi. Mama yake amesikia Ijumaa saa kumi jioni. Je, asubuhi hiyo ya Ijumaa kijana alipaswa kuwa wapi, na mama aanze kuuliza kaunta ya nani?