Kampuni Inapunguza Watu, na Grinkadi Bado Haijatoka

Uko Marekani kwa viza ya H-1B, mwajiri ndiye anayekuombea ukaazi wa kudumu, na kazini kuna tetesi za kupunguza wafanyakazi. Jambo la kujua leo, kabla barua haijafika, ni faili lako limefikia hatua gani.

Hatua ya PERM, yaani idhini ya Wizara ya Kazi, ndiyo dhaifu kuliko zote. Ukiachishwa kazi kabla I-140, ombi la uhamiaji ambalo mwajiri hukuwekea, haijaidhinishwa, kwa kawaida mwajiri mpya ataanza upya kabisa. Hata usipoguswa wewe, kampuni iliyowapunguza watu wa kazi kama yako katika eneo hilohilo ndani ya miezi 6 kabla ya kuwasilisha PERM lazima kwanza iwaarifu na kuwafikiria wale Wamarekani na wakaazi wa kudumu waliopunguzwa. Ndiyo maana kampuni nyingi husitisha maombi kimyakimya. Una kila sababu ya kuuliza. Na gharama za PERM, pamoja na wakili wa mwajiri, sheria imembebesha mwajiri. Akikudai uzirudishe unapoondoka, usilipe.

I-140 ikishaidhinishwa unapumua kidogo. Tarehe yako ya kwenye foleni ya grinkadi unahama nayo hadi kwa mwajiri mwingine, isipokuwa idhini ifutwe kwa udanganyifu au kosa la msingi. Zikipita siku 180 tangu idhini, mwajiri akijiondoa hilo peke yake haliifuti. Mwajiri mpya bado atafanya PERM yake, ila wewe hurudi nyuma ya mstari. Kwa aliyezaliwa Kenya au Tanzania mstari wenyewe ni mfupi kuliko wa mzaliwa wa India, kwa hiyo huenda I-485 yako, ombi lako mwenyewe la grinkadi, imeshawasilishwa. Ikikaa siku 180 bila kuamuliwa, na I-140 ikawa imeidhinishwa, unaweza kuhamia kazi ileile au inayofanana nayo bila PERM mpya.

Nakala zitafute sasa, maana barua pepe ya kazini hufungwa siku ileile unayoachishwa. Omba I-797 ya I-140, yaani taarifa yake rasmi: juu yake kuna namba ya kupokelewa na ile tarehe ya foleni. Omba pia fomu ya PERM yenye maelezo ya majukumu yako, na uhifadhi hati za mshahara. Mwajiri akigoma kukupa, angalau pata hiyo namba.

Ukiachishwa, una hadi siku 60 za kubaki Marekani kihalali, au pungufu I-94, rekodi ya muda wako wa kukaa, ikiisha mapema. Huhesabiwa kuanzia kesho yake ajira inapokoma, kwa kawaida siku ya mwisho unayolipwa mshahara. Kiinua mgongo hakizirefushi. Katika siku hizo hufanyi kazi mpaka mwajiri mpya awasilishe ombi la H-1B. Likishapokelewa unaweza kuanza. Mwenye mwenzi aliye na viza yake mwenyewe anaweza kuomba kubadili hadhi. Ukiamua kurudi nyumbani, mwajiri aliyekuachisha kabla muda wako wa H-1B haujaisha anadaiwa nauli yako ya kawaida, japo si ya familia.

Usitie saini makubaliano ya kuondoka siku unayopewa. Yapeleke kwa wakili wako mwenyewe, kwani yule wa kampuni anaitetea kampuni, kisha uombe tarehe ya mwisho ya ajira isogezwe mbele hata kama malipo ya mkupuo yatapungua.