Maua ya Masika: Wahi Kabla Meru Haijajifunika

Wapiga picha wengi wakitoka Arusha mjini hukimbilia moja kwa moja lango la Ngurdoto la Hifadhi ya Taifa Arusha, kana kwamba maua yote yamehamia hifadhini. Mimi ningeanzia Maji ya Chai, nje ya hifadhi. Mwezi wa tano mvua za masika zinapopungua, kingo za mashamba na mifereji huku zimejaa maua yasiyodai kiingilio, na ukilala kifudifudi mbele yake hakuna gari la watalii nyuma yako linalosubiri upishe.

Wahi. Kati ya saa 12:30 na saa 3:00 asubuhi jua bado liko chini, linaangaza ua kwa ubavuni na kuuangukia Mlima Meru usoni. Baadaye mawingu hupanda na mlima unajifunika. Kukiwa kweupe, mchana ni mbaya zaidi: tuko karibu sana na ikweta, jua linakaribia utosini, petali zinaungua na vivuli vinakuwa vyeusi tii. Siku ya mawingu mepesi usirudi nyumbani. Mlima utaukosa, ila kwa ua dogo hakuna mwanga mzuri kuliko huo.

Chukulia kishona nguo, gugu ambalo kila mkulima analilaani. Ukilipiga ukiwa umesimama, unapata takataka ya kijani. Chuchumaa mpaka simu unayopigia picha iwe usawa wa ua, kisha tazama nyuma yake kabla ya kulitazama lenyewe. Paa la bati linang'aa? Sogea nusu hatua, kivuli cha migomba kichukue nafasi yake. Kile kitovu cha njano kitajitokeza chenyewe. Gusa ua kwenye kioo, shikilia mpaka fokasi ijifunge, halafu teremsha mwanga kidogo, maana njano na nyeupe huzidiwa upesi. Likitoka na ukungu, umesogea mno: rudi nyuma, utaikata picha baadaye. Na lenzi uifute, umande na jasho la mfukoni huharibu picha nyingi kuliko ubovu wa simu.

Upepo hauna dawa ila subira. Mwenzako akinge kwa kanga, wewe piga mfululizo, uchague moja.

Ua la kahawa lina ratiba yake. Mvua nzuri ikinyesha baada ya ukame, matumba hufunguka kama siku 10 baadaye, tawi zima likawa jeupe na kunukia kama asumini, kisha ndani ya siku chache maua yananyauka. Kwa hiyo uwe na mwenyeji wa kukupigia simu. Shamba lina mwenyewe: piga hodi, mwamkie mzee shikamoo, eleza unachotaka, na kabla hujaondoka mwonyeshe picha ulizopiga. Mara nyingi atakupeleka mwenyewe kwenye mti uliochanua zaidi.

Hifadhi ya Taifa Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960, iache kwa siku nyingine. Uzuri wake ni kwamba unaruhusiwa kutembea kwa miguu ukiwa na askari mwenye silaha, kwa hiyo mwambie mapema kuwa utasimama sana. Askari wengi wamezoea wageni wenye haraka ya kuona nyati na twiga. Msituni mwanga ni hafifu: egemeza kiwiko kwenye goti, toa pumzi, ndipo ubonyeze. Droni bila kibali iache nyumbani.