Habari ya serotonini imepingwa. Je, mdogo wangu aache vidonge?

SWALI: Daktari, mdogo wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mapema mwaka huu alibadilika. Chakula hakipiti, saa tisa usiku yuko macho sebuleni taa imezimwa, shuleni anaomba ruhusa kila wiki. Mama alitaka aombewe, wengine wakasema amerogwa, mwisho tukampeleka hospitali ya mkoa. Walituambia ni sonona, kwamba kemikali ya serotonini imepungua kichwani, wakamwandikia fluoksetini. Yuko wiki ya tano sasa. Ameanza kula, na juzi nilimkuta anasahihisha madaftari. Tatizo ni shemeji. Ametumiwa ujumbe kwenye WhatsApp kwamba wanasayansi wamegundua habari ya serotonini ni uongo na dawa hizi ni biashara tu. Anataka mkewe aache leo hii. Nani yuko sahihi? — Dada Mtu, Morogoro.

JIBU: Dada Mtu, shemeji yako hakuokota uzushi. Ana nusu ya ukweli mkononi, ila hiyo nusu nyingine aliyoiongeza mwenyewe ndiyo inayoweza kumrudisha mkewe sebuleni saa tisa usiku.

Mwaka 2022 Joanna Moncrieff wa University College London na wenzake walipitia kwa pamoja tafiti za miaka mingi kuhusu serotonini na sonona. Walihitimisha kwamba hakuna ushahidi thabiti unaoonyesha kuwa wagonjwa wa sonona wana serotonini pungufu. Magazeti ya dunia yaliidaka habari ile kwa kishindo, lakini watafiti wengi wa ubongo hawakushtuka, maana maelezo hayo walikuwa wameyatilia shaka zamani. Hospitalini yaliendelea kusemwa kwa sababu ni mafupi, foleni nje ni ndefu, na yanampunguzia mgonjwa aibu: akiambiwa kemikali imepungua, hajioni mvivu wala mwenye imani haba. Lakini jiulize, je, kuna aliyempima mdogo wako hiyo serotonini? Hakuna. Sehemu kubwa ya serotonini ya mwili iko tumboni, kwenye utumbo, na hakuna kipimo cha damu cha hospitali kinachoweza kutuambia iliyoko kwenye ubongo ni kiasi gani.

Sasa tuje kwenye dawa. Shemeji anafikiri kama maelezo yameanguka, dawa nayo imeanguka. Angekuwa sahihi kama dawa za kwanza za sonona zingezaliwa na maelezo hayo. Mambo yalikwenda kinyume chake.

Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View, kisiwa cha Staten, New York, madaktari walikuwa wakijaribu dawa mpya ya kifua kikuu, iproniazidi. Wagonjwa waliokuwa wamekonda na kukata tamaa walianza kudai chakula zaidi, kutaniana, hata kucheza dansi wodini, mapafu yao yakiwa bado mabovu. Miaka mitano baadaye daktari wa akili Nathan Kline aliripoti kwamba dawa hiyo inawainua wagonjwa wa sonona. Mwaka huohuo wa 1957, Roland Kuhn, katika hospitali ya Münsterlingen kule Uswisi, alitangaza matokeo ya dawa nyingine, imipramini. Awali alitumaini itawafaa wagonjwa wa skizofrenia. Haikuwafaa, ila wenye sonona walibadilika. Amitriptilini, ambayo wasomaji wengi mnaijua kwa jinsi inavyokausha mdomo, ni ndugu wa damu wa imipramini.

Ni baada ya hapo ndipo watu walipokaa chini kuuliza dawa hizi zinafanya nini. Wakaona zinaongeza kemikali fulani zinazopeleka ujumbe kati ya seli za neva, serotonini ikiwemo. Miaka ya sitini wakapiga hesabu ya kurudi nyuma: kama kuziongeza kunaponya, basi ugonjwa lazima uwe upungufu wake. Hesabu ile ilikuwa na tobo. Bibi akinywa muarobaini na homa ikashuka, hatusemi mwili wake ulipungukiwa muarobaini. Hata hivyo ilizaa matunda, maana kwa fikra hiyohiyo kampuni zilitafuta dawa zinazolenga serotonini peke yake, na fluoksetini ikaidhinishwa Marekani mwishoni mwa 1987.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2018 Andrea Cipriani wa Oxford na wenzake walijumlisha majaribio 522 yenye washiriki zaidi ya 116,000, wakilinganisha dawa 21 na vidonge vitupu, visivyo na dawa ndani. Zote 21 zilivishinda vidonge vitupu. Kwa wastani ushindi huo si mkubwa, na anayekuambia ni mkubwa anakuuzia. Jaribio kubwa la Marekani liitwalo STAR*D lilionyesha kwamba kwenye dawa ya kwanza karibu mgonjwa mmoja tu kati ya watatu huondokewa kabisa na dalili. Wengine huhitaji kubadilishiwa au kuongezewa tiba. Moncrieff mwenyewe anaona faida hiyo ni ndogo mno kustahili madhara yake. Kwa mtu mwenye huzuni nyepesi nakubaliana naye, vidonge visiwe vya kukimbilia. Kwa mtu aliyeacha kula na kulala kama mdogo wako, sikubaliani naye.

Kitendawili kilichowasumbua watafiti kwa muda mrefu ni saa. Fluoksetini inagusa serotonini ndani ya saa chache, lakini mgonjwa hupata nafuu baada ya wiki mbili, nne, hata sita. Kumbe katikati kunatokea nini? Catherine Harmer, huyu naye wa Oxford, amefanya jambo ninalolipenda: anawaonyesha watu picha za nyuso na kuwauliza kila uso una hisia gani. Mwenye sonona huona kununa na lawama hata kwenye uso usio na neno. Harmer aligundua kwamba dawa huanza kubadili usomaji huo wa nyuso mapema sana, kabla mtu mwenyewe hajasema anajisikia nafuu. Ndiyo maana mara nyingi mtu wa nyumbani huona mabadiliko kabla ya mgonjwa. Wewe uliona madaftari. Ukimuuliza yeye, huenda bado anakwambia hali ni ileile.

Wengine wanatazama seli zenyewe. Mfadhaiko wa muda mrefu na homoni yake, kotisoli, huzorotesha matawi yanayounganisha seli za ubongo, na kwa wanyama wa maabara dawa hizi huyasaidia kuchipua tena. Kuchipua si kazi ya siku moja. Uvimbe wa ndani ya mwili nao umo: wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliotibiwa kwa intaferoni, dawa inayoamsha kinga ya mwili, baadhi yao waliangukia sonona wakiwa kwenye matibabu. Kwenye jeni, utafiti wa 2025 uliohusisha wagonjwa zaidi ya 688,000 kutoka nchi 29 ulikuta tofauti karibu 700, kila moja ikiwa na uzito mdogo sana. Kwa hiyo wanaotafuta ukoo wa kulaumiwa watafute kazi nyingine. Kuna pia ketamini, ileile ya chumba cha upasuaji, ambayo kwa kipimo kidogo huweza kuinua moyo ndani ya saa chache kwa wale walioshindwa na dawa nyingine. Hupandisha shinikizo la damu na huweza kuzoeleka, hivyo ni ya mikononi mwa wataalamu tu.

Mama naye, aliyetaka maombi, asipuuzwe, maana kukaa na watu wanaokusikiliza nako husaidia. Mwaka 2003 lilichapishwa jaribio lililofanyika kwenye vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda. Watu wenye sonona walikaa kwenye vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakizungumza kuhusu misiba, ugomvi wa nyumbani na maisha yaliyobadilika ghafla. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa hukohuko waliofundishwa kwa wiki mbili. Mwishoni, kwenye vikundi waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5, kwenye vijiji visivyo na vikundi, asilimia 54.7. Kama kanisani au msikitini kwenu kuna watu wanaojua kusikiliza bila kuhukumu, aende, na vidonge vyake amevimeza asubuhi.

Turudi kwa shemeji. Hatari ya kuacha leo ina mtego wake. Fluoksetini hutoka mwilini polepole, kwa wiki kadhaa. Mdogo wako akiacha, siku kumi za kwanza pengine asione kitu, na shemeji atasema, "Si nilikwambia?" Ugonjwa ukirudi wiki ya sita, hakuna atakayeuhusisha na kuacha dawa. Shirika la Afya Duniani linashauri kuendelea hadi mgonjwa awe amekaa miezi 9 hadi 12 bila dalili, kisha kupunguza taratibu, daktari akifuatilia.

Niulize pia jambo ambalo barua yako haikulisema, kwa heshima. Fluoksetini hupunguza hamu ya tendo la ndoa kwa wengi wanaoitumia. Waume wengi hawalisemi, wanaleta habari za WhatsApp. Kama ndilo, lisemwe kliniki: dozi hurekebishwa, dawa hubadilishwa.

Tramadoli ya duka la dawa asiiguse pamoja na fluoksetini bila daktari kujua. Mchanganyiko huo ni hatari. Akianza kuwa na nguvu za ajabu bila kulala, maneno mengi, kutumia fedha ovyo, arudishwe haraka, huenda ugonjwa ni mwingine. Akitamka kwamba heri asingekuwepo, siku hiyohiyo hospitali, asiachwe peke yake, na vidonge vyote pamoja na dawa za shambani vitolewe nyumbani.

Kliniki ijayo shemeji aende naye na huo ujumbe wake kwenye simu. Amwonyeshe daktari, aulize kama vipimo vya tezi la shingo na wingi wa damu vimefanyika, na kama mkewe anaweza kupangiwa mtu wa kuzungumza naye. Hayo ni maswali ya maana kuliko la serotonini.