Uandishi wa Kiuamilifu: Barua ya Kumpendekeza Mwanafunzi kwa Ufadhili wa Masomo

Utangulizi

Barua ya pendekezo ni barua rasmi ambayo mtu mwenye dhamana huiandikia taasisi au kamati akimweleza mtu anayemfahamu, ili mtu huyo afikiriwe kwa nafasi fulani. Nafasi hiyo yaweza kuwa kazi, masomo au ufadhili. Katika somo hili tutashughulikia pendekezo la ufadhili kwa mwanafunzi mhitaji aliyejikaza kisabuni hadi akamaliza shule.

Swali la aina hii linaweza kukujia katika Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili (102/1). Kumbuka kuwa insha ya kwanza katika karatasi hiyo ni ya lazima. Unatakiwa kuandika insha mbili kwa muda wa saa 1 na dakika 45, kila moja isiyopungua maneno 400, na kila moja ina alama 20. Ukigawanya muda huo sawasawa, una takriban dakika 50 za kupanga, kuandika na kusahihisha kila insha.

Swali la kielelezo

*Wewe ni mwalimu mkuu wa shule ya upili ya kutwa. Mwanafunzi mmoja aliyemaliza kidato cha nne shuleni mwako ameitwa chuoni kusomea uuguzi lakini hana karo. Mwandikie mwenyekiti wa kamati ya ufadhili ukimpendekeza mwanafunzi huyo.*

A. Kulielewa swali

Kabla ya kuandika neno lolote, jiulize: Nani anaandika? Nani atakayesoma? Msomaji huyo anataka kujua nini?

Watahiniwa wengi hujibu maswali mawili ya kwanza vizuri na kulisahau la tatu. Wao hujaza kurasa mbili kwa machozi: njaa, nguo kuukuu, nyumba inayovuja. Sasa fikiria kamati yenyewe. Mezani pake pana rundo la barua, na karibu kila anayeombewa ni mhitaji. Umaskini peke yake haumtofautishi mwanafunzi wako na wengine. Kamati hutafuta majibu ya maswali matatu:

1. Je, haja yake ni ya kweli, na nani anaithibitisha?
2. Je, akilipiwa karo, atayamaliza masomo?
3. Je, anayempendekeza anamjua kweli, au ametia sahihi tu?

Kwa hivyo, kanuni kuu ya somo hili ni: usimwombee mwanafunzi huruma, mtolee ushahidi. Shida zake zitaje kwa ufupi, kisha utumie nafasi kubwa kuonyesha alichofanya akiwa ndani ya shida hizo.

B. Sura ya barua

Barua hii hufuata muundo wa barua rasmi:

- Anwani ya mwandishi, juu upande wa kulia, na tarehe chini yake.
- Anwani ya mwandikiwa, upande wa kushoto, ikianza kwa cheo chake.
- Mtajo, kwa mfano: Kwa Mwenyekiti,
- Kichwa, kwa herufi kubwa, kikitanguliwa na KUH: au MINT: na kutaja jina la anayependekezwa.
- Mwili wa barua, kwa aya.
- Kimalizio: Wako mwaminifu, kisha sahihi, jina na cheo cha mwandishi.

Usisahau cheo. Pendekezo hupata uzito kutokana na nafasi ya anayelitoa.

C. Mpangilio wa maudhui

- Aya ya kwanza: Unamjua vipi, tangu lini, na unampendekezea nini.
- Aya ya pili: Hali ya familia, kwa ufupi na kwa uthibitisho.
- Aya ya tatu: Kikwazo kikubwa alichokutana nacho na jinsi alivyokikabili. Hii ndiyo aya yenye uzito zaidi.
- Aya ya nne: Matokeo yake, yakiwemo yasiyopendeza.
- Aya ya tano: Tabia na uongozi, hasa unaohusiana na kozi anayokwenda kusomea.
- Aya ya sita: Anachohitaji hasa, hitimisho, na viambatisho.

D. Mfano wa barua

(Majina, shule na matukio ya mhusika ni ya kubuni.)

Shule ya Upili ya Tujitahidi,
S.L.P. 000,
KILIFI.
10 Februari 2025

Mwenyekiti,
Kamati ya Ufadhili wa Masomo,
S.L.P. 000,
NAIROBI.

Kwa Mwenyekiti,

KUH: PENDEKEZO LA SUBIRA TUMAINI KWA UFADHILI WA MASOMO YA UUGUZI

Nimemfahamu Subira Tumaini tangu alipojiunga na kidato cha kwanza shuleni mwetu mwaka wa 2021. Mbali na kuwa mwalimu mkuu wake, nilimfunza Biolojia katika kidato cha tatu na cha nne. Ninampendekeza apewe ufadhili wa kusomea stashahada ya uuguzi, kozi ambayo ameitwa kuianza mwezi ujao.

Subira ni kifungua mimba katika familia ya watoto wanne. Baba yao alifariki Subira akiwa darasa la saba. Mama yao huponda kokoto na kuwauzia wajenzi. Karo ya Subira ilitarajiwa kutoka kwa mbuzi 18 wa familia, lakini katika ukame uliodumu kuanzia mwaka wa 2020 hadi 2023, 16 kati yao walikufa. Barua ya chifu niliyoambatisha inathibitisha maelezo haya.

Katika muhula wa pili wa kidato cha pili, mama yake alivunjika mguu akiwa kazini. Subira alichukua nyundo, akaponda kokoto mahali pa mama yake, na wadogo zake watatu wakaendelea kwenda shule. Hakusoma tena mwaka huo. Aliporudi Januari 2023, wenzake walikuwa wamemwacha mbali. Aliazima madaftari yao, akayanakili somo baada ya somo, na kila Ijumaa jioni alikuja ofisini kwangu na orodha ya maswali yaliyomshinda. Orodha ya kwanza ilikuwa na maswali 23.

Katika mtihani wake wa kwanza wa kidato cha tatu alipata D+ na kuwa wa 41 kati ya wanafunzi 48. Mwisho wa mwaka huo alikuwa wa 17. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka wa 2024 alipata wastani wa C+, akiwa na B katika Biolojia na B katika Kiswahili. Ninafahamu kwamba kamati yako hupokea maombi ya wanafunzi wenye gredi za juu kuliko hii. Ninaomba izingatiwe kwamba Subira ameifikia kwa miaka miwili, baada ya pengo hilo, na kwamba inatosheleza masharti ya chuo kilichomwita.

Kwa miaka miwili Subira alisimamia kisanduku cha huduma ya kwanza shuleni. Kila nilipolikagua daftari lake, dawa na bendeji zilizotumika zilikuwa zimeandikwa zote, pamoja na tarehe na jina la aliyehudumiwa. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walizoea kumwendea yeye kabla ya kumwendea mwalimu wa zamu. Ni mtu wa maneno machache, na hachelewi kumsaidia mwenzake, ila huchelewa kuomba msaada yeye mwenyewe. Ningeshauri apangiwe mshauri atakayemfuatilia katika mwaka wake wa kwanza chuoni.

Mama yake ameahidi kugharimia nauli na mahitaji madogo madogo. Kinachowashinda ni karo na malazi. Ninampendekeza Subira bila kusita, na niko tayari kujibu swali lolote kumhusu kupitia anwani iliyo hapo juu. Nimeambatisha nakala ya matokeo yake, barua ya wito ya chuo na barua ya chifu.

Wako mwaminifu,

(Sahihi)

Jitihada Bahari,
Mwalimu Mkuu.

E. Uchambuzi wa mfano

*Nambari zina kazi.* Mbuzi 18 waliobaki 2, nafasi ya 41 kisha ya 17, maswali 23: msomaji anaona bila kuambiwa aone. Mwandishi hakuandika popote kwamba Subira ana bidii. Ameonyesha madaftari yaliyonakiliwa, na kamati yenyewe itafikia uamuzi huo.

*Shida ina mipaka.* Aya inayoeleza hali ya familia ni fupi, na kila jambo ndani yake linahusiana na karo. Hakuna sentensi iliyowekwa ili kumliza msomaji.

*Gredi haikufichwa.* C+ si gredi ya kutangazia ulimwengu, lakini ndicho kiwango cha chini cha jumla kinachotakiwa kujiunga na chuo kikuu nchini Kenya, na kwa stashahada inatosha. Nakala ya matokeo imeambatishwa, kwa hivyo kuficha kungeivunjia barua nzima heshima. Mwandishi ameitaja, kisha akaeleza safari iliyoifikisha hapo. Kutoka D+ hadi C+ ni ushahidi wa uvumilivu ambao gredi pekee isingeuonyesha.

*Udhaifu umetajwa kwa busara.* Barua inayomsifu mtu kana kwamba ni malaika hutiliwa shaka. Hapa mwandishi ametaja dosari moja ya kweli na kuambatanisha nayo pendekezo la jinsi ya kuisaidia.

*Ombi liko wazi.* Kamati inajua familia itatoa nini na kinachopungua ni nini.

F. Makosa ya kuepuka

1. Sifa zisizo na mfano.
Dhaifu: *Subira ni mwanafunzi mzuri, mwenye nidhamu, bidii, utiifu na heshima.*
Bora: *Kila Ijumaa jioni alikuja ofisini kwangu na orodha ya maswali yaliyomshinda.*

2. Kuomba huruma.
Dhaifu: *Tafadhali mhurumieni mtoto huyu maskini hohehahe.*
Bora: *Kinachowashinda ni karo na malazi.*

3. Kutisha au kutia chumvi.
Dhaifu: *Msipomsaidia, maisha yake yameisha.*
Bora: *Ameitwa kuanza masomo mwezi ujao.* Ukweli huu unaonyesha haraka iliyopo bila kumlaumu yeyote.

4. Methali nyingi. Baadhi ya watahiniwa hurundika "mvumilivu hula mbivu", "penye nia pana njia" na "mgaagaa na upwa" katika aya moja. Methali hupamba insha ya masimulizi. Katika barua rasmi ya pendekezo hazithibitishi chochote. Itumie moja kwa kipimo, au uache kabisa.

5. Kuchanganya nafsi. Swali linakutaka uwe mwalimu mkuu. Usianze kwa "ninampendekeza" ukamaliza kwa "naomba mnilipie karo". Hiyo itakuwa barua ya kuomba ufadhili, nayo ni barua nyingine.

6. Kuanika siri. Maradhi, ugomvi wa nyumbani au dhuluma aliyotendewa mwanafunzi si mali ya mwandishi. Kama jambo si la lazima kwa uamuzi wa kamati, liache. Kama ni la lazima, mwandishi apate kwanza idhini ya mhusika. Hata Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inayahesabu maelezo ya afya ya mtu kuwa data nyeti.

G. Nje ya chumba cha mtihani

Mwanafunzi mpendwa, yamkini baada ya mtihani utaihitaji barua kama hii kwa ajili yako mwenyewe. Huenda ukaomba basari ya kaunti, basari ya NG-CDF katika eneobunge lako, au ufadhili wa wakfu mbalimbali. Hata ukienda kukopa kutoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyoundwa kisheria mwaka wa 1995, utatakiwa kueleza hali ya familia yako.

Mwalimu wako hawezi kuandika asichokijua. Akiwa na wanafunzi mia tatu, hakumbuki ni nani aliyekosa shule kwa muhula mzima na kwa nini. Kwa hivyo:

- Mwombe barua mapema, angalau wiki mbili kabla ya siku ya mwisho.
- Mpelekee ukurasa mmoja wenye kozi uliyoitiwa, gredi zako, majukumu uliyoshika, na kikwazo kimoja ulichokabiliana nacho.
- Mwambie waziwazi ni mambo gani ungependa yasitajwe.
- Usione haya kueleza shida uliyopitia. Kusema "nilikosa muhula kwa sababu nilikuwa nikiponda kokoto" si aibu. Ukinyamaza, kamati itaona pengo katika rekodi yako na kudhani ulikuwa mtoro.

Zoezi

1. Badilisha sentensi hizi ziwe ushahidi badala ya sifa tupu:
(a) Juma ni kiongozi shupavu.
(b) Amina anapenda sana masomo.
(c) Kijana huyu anatoka katika familia yenye shida nyingi. (alama 6)

2. Eleza tofauti tatu kati ya barua ya pendekezo na barua ya kuomba ufadhili. (alama 6)

3. Mwandishi wa barua ya Subira angeacha aya ya nne, kamati ingekosa kujua nini? Jadili kwa aya moja. (alama 4)

4. Wewe ni mwalimu wa darasa. Mwanafunzi wako mwenye ulemavu wa kuona amepata nafasi ya kusomea ualimu chuoni. Alisoma kidato cha tatu na cha nne kwa mashine moja ya Braille iliyotumiwa na wanafunzi watatu kwa zamu. Mwandikie mkurugenzi wa wakfu mmoja ukimpendekeza kwa ufadhili. (alama 20)

*Dokezo la swali la 4:* Ulemavu wake utaje mara moja, pale unapohusu vifaa anavyohitaji chuoni. Aya zilizobaki zieleze jinsi alivyoitumia zamu yake ya mashine, na jinsi alivyosoma ilipokuwa mikononi mwa wenzake.